Mwizi Akiuliza, Mwambie Hivi

Watu wenye akili nyingi wana ugonjwa wao. Mtu wa kawaida akikosea, kosa lake linakaa mezani, kila mtu analiona, linasemwa, linarekebishwa, watu wanakwenda kula. Mwenye akili akikosea, kosa lenyewe linakuwa la kistadi, limekunjwa na kufichwa vizuri hata mwenyewe akilitafuta halioni. Basi sikilizeni yaliyompata Mama Pacha, mtu ambaye hospitali nzima ilisema akili zake zingegawiwa watu watatu na zingebaki.

Mama Pacha alikuwa mkuu wa idara ya kompyuta kwenye hospitali ya rufaa, jengo la ghorofa tano lenye vigae vyeupe na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Idara, neno kubwa hilo. Ilikuwa chumba kimoja chini kabisa, katikati ya stoo ya mashuka na chumba cha jenereta, chenye kiyoyozi kikali hata watu walivaa sweta mwaka mzima. Na watu wenyewe walikuwa wawili: yeye na Mzee Taratibu.

Huyu Mzee jina hilo alilipata kwa haki. Akikaza skrubu, anailegeza tena aone kama kweli ilikaza. Akipewa barua, anaisoma mpaka jina la kiwanda kilichotengeneza karatasi. Mama Pacha alimtania kwamba siku ya kufa kwake malaika atangoja nje mpaka Mzee amalize kuhakiki kama jina lililoitwa ni lake. Mzee alicheka bila kinyongo. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, na mtu wa miezi minne hagombani na mtu.

Lakini miezi hiyo minne haikuwa mchezo. Mkewe figo zilikuwa zimechoka. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alilazwa ghorofa ya tatu, anafungwa mipira mkononi, mashine inamsafisha damu. Bila mashine hiyo, wiki mbili zingekuwa nyingi kwake. Kitanda kile alikipata kama mke wa mtumishi, na kanuni ya hospitali ilikuwa wazi, imebandikwa mpaka kwenye mbao za matangazo: mtumishi akistaafu kwa heshima, haki ya mwenzake inaendelea, mtumishi akifukuzwa, inakoma siku hiyohiyo. Siku hiyohiyo, ndiyo. Waliotunga kanuni hiyo nadhani wake zao walikuwa wazima.

Jumanne asubuhi, chai haijapoa, likaingia tangazo. Liliandikwa na watengenezaji wa programu inayoendesha seva za majina. Msiogope neno hilo. Kompyuta zinajuana kwa namba, watu tunajuana kwa majina. Daktari akiandika "maabara" kwenye kompyuta yake, kuna seva inayoulizwa, "Maabara namba yake ngapi?" nayo inajibu. Ni kama mtu wa mapokezi. Akiwapo hakuna anayemkumbuka. Asipokuwapo, hakuna anayefika anakokwenda. Tangazo lilisema tundu limegunduliwa: mtu yeyote, popote alipo, akituma swali moja tu lililopindwa kwa makusudi, seva inaanguka chali. Matoleo yote ya programu kabla ya toleo la ishirini yalikuwa na tundu hilo. La ishirini lilikuwa salama. Wahuni, tangazo likaongeza, wameshaanza kulitumia.

Hospitali ilikuwa na seva sita za aina hiyo, zimetawanywa kila upande wa hospitali. Mama Pacha alichora jedwali kwa dakika moja: jina la seva, toleo, safu ya "Nimehakiki", na sahihi. Mzee Taratibu akalitazama, akakuna kidevu, akasema yeye angependa waingie ndani ya kila seva, moja baada ya nyingine, wafungue wajionee kwa macho. Mama Pacha akamwambia hakuna haja. Seva ya majina ukiiuliza kwa nje, "Wewe ni toleo gani?" inakujibu papo hapo. Waulize tu, zilizo za zamani wazipandishe, zilizo mpya wazitie tiki.

"Kuuliza si kuona," Mzee akasema.

"Mzee wangu, tukikufuata wewe tutamaliza mwakani. Uliza, tia tiki, tusonge."

Mzee akatii. Tano zikajibu matoleo ya kale, aibu tupu, zikapandishwa siku hiyohiyo. Ya sita, iliyokaa jengo la maabara, ikajibu: toleo la ishirini. Mzee akageuka kwenye kiti chake, akauliza hii ya maabara nani aliipandisha, maana yeye hakumbuki. Mama Pacha, macho kwenye kioo cha kompyuta yake, akasema labda ni wale mafundi waliokarabati maabara mwaka jana, waliweka vitu vingi wale. Mzee akatulia kidogo, kalamu hewani. Kisha akatia tiki, akasaini. Chumbani walikuwa wao wawili tu.

Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi, seva ya maabara ikaanguka.

Wakaiwasha. Ikaamka, ikakaa dakika mbili, ikaanguka tena. Simu zikaanza kulia zote kwa pamoja. Wodini majibu ya vipimo hayaonekani, ghala la damu halionekani, kompyuta zinaita maabara na maabara imekuwa kama haijawahi kujengwa. Mama Pacha akabaki chini kuyahamishia majina ya maabara kwenye seva nyingine. Mzee Taratibu akakimbia, na siku ile watu walimwona Mzee Taratibu akikimbia, akaenda jengo la maabara kuikamata ile seva kwa mikono yake. Manesi walipanda na kushuka ngazi na vikaratasi, maana lifti nayo ilichagua siku hiyo kununa. Ilipofika saa sita kasorobo kila kitu kilikuwa kimerudi. Mzee akaleta taarifa ya mistari miwili: nimeweka toleo jipya, seva iko salama. Akaketi, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

Mama Pacha alidhani yameisha. Ndipo mlango ukafunguliwa akaingia daktari mpasuaji, mwanamke mfupi ambaye hakuna aliyewahi kumwona kule chini. Bado alikuwa amevaa kofia ya chumba cha upasuaji, na damu imemkaukia mpaka juu ya kiwiko. Hakupaza sauti.

"Nilikuwa na mama tumbo liko wazi, namngojea damu yake ilinganishwe na ya kuongezewa," akasema. "Nimeshika mshipa wake kwa vidole hivi viwili dakika ishirini na sita. Yuko hai. Nimekuja kuwaona tu ninyi ni watu gani."

Akawatazama mmoja mmoja, akaondoka. Mama Pacha akakaa juu ya boksi la printa. Miaka yote alijua kwamba kazi yake inagusa watu, alikuwa akiisema hata kwenye semina, lakini kujua kwa mdomo ni kitu kingine. Dakika ishirini na sita. Alijaribu kubana vidole viwili namna ile, dakika moja tu, vikamtetemeka.

Mchana Mkurugenzi akamwita, akataka kujua ni nani aliyehakiki seva ya maabara. Mama Pacha akafungua jalada, akatoa lile jedwali, akamwekea mezani. Tiki ile, sahihi ile. Hakusema uongo, tuelewane. Alichosema alikiamini: kwamba Mzee ni mtu mwema ila macho yamezeeka, labda aliuliza seva moja mara mbili akadhani ameuliza mbili, mambo hayo hutokea. Hakusema kwamba Mzee alitaka kuingia ndani akazuiwa. Hilo halikumjia hata kichwani, na hapo ndipo mtu anapojua moyo wa binadamu ni mjanja kuliko mwenyewe. Mkurugenzi akaandika kitu, akasema kikao ni kesho saa nane mchana.

Ijumaa Mama Pacha aliwahi. Alitaka kuandika ripoti iliyonyooka, na kuna jambo lilikuwa linamkereketa: seva yenye toleo la ishirini ingeangukaje? Akaingia kwenye seva ya maabara, ndani kabisa, pale ambapo Jumanne alisema hakuna haja ya kuingia. Akapekua kumbukumbu zake. Kabla ya Alhamisi, seva ile ilikuwa ikiendesha toleo la tatu. La tatu. Miaka tisa haijaguswa na mkono wa mtu, kwa ile sheria ya mafundi wote wavivu kwamba kinachofanya kazi usikichokoze.

Basi kwa nini ilijibu ishirini? Akafungua faili la mipangilio, akateremka mstari kwa mstari. Katikati ya mambo ya kawaida akaukuta mstari mmoja ambao haukuwa wa kompyuta. Ulikuwa wa mtu.

*Mwizi akiuliza, mwambie hivi: toleo la ishirini.*

Pembeni yake, tarehe.

Mama Pacha aliisoma tarehe ile mara moja tu, haikuhitaji mara ya pili. Ilikuwa siku moja kabla ya watoto wake pacha kuzaliwa.

Jamani. Kuna mshtuko wa kuona nyoka ndani ya nyumba, na kuna mshtuko wa kukumbuka kwamba nyoka yule ulimfuga wewe. Alijikumbuka amekaa kwenye kiti kilekile, tumbo limefika kwenye meza, miguu imevimba, anacheka peke yake. Enzi zile wahuni walikuwa wakizunguka mtandaoni wakiuliza kila seva toleo lake, ili wajue pa kupiga. Wakubwa walishauri jibu hilo liachwe tupu. Mama Pacha, na akili zake za watu watatu, akaona tupu ni kumwita mwizi aje kuchungulia. Afadhali kumdanganya. Programu ilikuwa toleo la tatu wakati ule. Yeye akabuni namba kubwa ambayo haikuwapo duniani, ishirini, mwizi akiiona adhani kuna kufuli jipya asilolijua, apite zake. Akaandika, akasifu kazi ya mikono yake. Usiku uchungu ukamshika, kesho yake akawa na watoto wawili, na miezi ya kutolala ikamfuta ishirini kichwani.

Lakini watengenezaji hawakulala. Matoleo mawili kila mwaka, wakapanda, wakapanda, wakafika ishirini ya kweli. Uongo ulikuwa umekaa pale miaka tisa ukingoja ukweli uufikie, na Jumanne ukafikiwa. Mzee Taratibu aliuliza kama alivyoagizwa, na seva ikamjibu kama ilivyofundishwa kumjibu mwizi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba wakati mwingine anamsukumiza mwenzake kwanza.

Saa iliyokuwa ukutani ilisema saa mbili na dakika tano. Kikao ni saa nane.

Sasa hapa mtu atasema, mimi ningekwenda mbio kwa Mkurugenzi. Haya, wewe ungekwenda. Mama Pacha alikaa. Aliogopa, na woga haukuwa wa kusingizia. Nyumba waliyokaa yeye na watoto ilikuwa ya hospitali. Baba wa watoto alikuwa amekwenda zake siku nyingi na habari zake zilikuwa zikisikika kwa mbali. Na zaidi ya nyumba, kuna lile jina: Mama Pacha mwenye akili, Mama Pacha asiyekosea. Alijiambia achapishe kwanza ule mstari, apange maelezo. Akachapisha. Alijiambia pengine Mzee atapewa onyo tu, onyo halimfukuzi mtu. Alijiambia atasema akiulizwa. Kila alilojiambia lilikuwa na sura ya busara, na yote yalikuwa jambo moja tu: kuchelewa.

Saa nne hakuweza tena kukaa. Akapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, karatasi ameikunja mkononi, ameazimia kumwambia Mzee kabla ya mtu yeyote. Chumba cha kusafishia damu kilikuwa na mlango wa kioo. Ndani vitanda vinane, mashine nane zinazunguka polepole. Mzee Taratibu alikuwa ameketi kando ya kitanda cha mwisho, amempa mgongo, anammenyea mkewe chungwa. Mkewe alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kilemba cha bluu. Akainua macho, akamwona Mama Pacha kwenye kioo, akamnyooshea mkono ule usio na mipira. Akatabasamu kabisa.

Mama Pacha alitoa simu mfukoni, simu ambayo haikuwa imelia, akaiweka sikioni, akajifanya anaongea, akageuka. Alishuka ngazi zote tatu akiwa bado ameishika sikioni. Alipofika chini akashangaa, akajiuliza, huyu aliyefanya hivi ni mimi?

Saa nane walikuwa wameketi kwenye chumba cha mikutano, meza ndefu, maji ya chupa, skrini kubwa ukutani. Mkurugenzi, daktari mpasuaji, katibu na mashine yake ya kuchapia, Mama Pacha, na Mzee Taratibu mwisho wa meza katika koti alilolivaa, nadhani, harusini kwake. Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye ndugu wa mgonjwa walikuwa wamekaa mlangoni kwake tangu asubuhi. Akaweka lile jedwali mezani, akamuuliza Mzee kama sahihi ile ni yake. Mzee akasema ni yake.

"Uliingia ndani ya hiyo seva ukaona?"

"Sikuingia."

"Kwa nini?"

Mzee akamtazama Mama Pacha. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu aliyekupisha mlangoni, anakungoja upite. Mama Pacha akatazama chupa ya maji. Sasa atasema, akawaza, atasema mimi nilimzuia, nami nitadakia. Lakini Mzee akarudisha macho kwa Mkurugenzi.

"Sikuingia," akarudia. "Nilisaini kitu nilichokiuliza, sikukiona. Hilo ni langu."

Mkurugenzi akauliza kama kuna mwenye neno jingine. Feni ya dari ikazunguka. Daktari mpasuaji alikuwa anatazama mikono yake. Mama Pacha alifungua mdomo, hewa ikatoka, sauti haikutoka. Mkurugenzi akahesabu ukimya ule kuwa jibu, akaanza kumsomea katibu: mtumishi ametia sahihi ya uongo katika jambo la uhai, ameachishwa kazi kuanzia leo, na haki zote zinazoambatana na ajira yake, pamoja na matibabu ya wanaomtegemea, zimekoma kuanzia leo. Katibu aliandika. Alikuwa hodari, aliandika upesi, akamaliza, akachapisha karatasi mbili, akazisogeza mbele ya Mzee na kalamu juu yake.

Mtu mwingine angesaini akaondoka. Mzee Taratibu akavaa miwani, akaanza kusoma.

Alisoma kama alivyosoma kila kitu maishani mwake. Kichwa cha barua. Namba ya kumbukumbu. Tarehe. Kidole chini ya kila mstari. Mkurugenzi alitazama saa, lakini ni nani atamharakisha mtu anayesoma karatasi kama ile? Kidole kilifika kwenye mstari wa matibabu ya wanaomtegemea, kikakaa hapo, kikaurudia tangu mwanzo. Kikavuka. Mzee akafunua ukurasa wa pili, akausoma wote, akachukua kalamu, akaijaribu kwanza kwenye kiganja kama ina wino.

"Asisaini," Mama Pacha akasema.

Wote wakageuka. Aliposema neno la kwanza mengine yakatoka bila mpangilio, yale maelezo yote aliyoyapanga asubuhi yakapotelea huko. Alisema ni yeye. Alisema Mzee alitaka kuingia, yeye ndiye alimkataza, akamcheka. Alisema seva ilidanganya kwa sababu yeye aliifundisha kudanganya, miaka tisa iliyopita, kwa mkono wake mwenyewe. Akatoa ile karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa imelowa jasho.

Mkurugenzi aliusoma ule mstari kwa sauti, "Mwizi akiuliza, mwambie hivi," na ukisomwa na mtu mwingine ulisikika kama mzaha wa mtoto. Daktari mpasuaji aliinua uso polepole. Mkurugenzi akasema karatasi inaweza kuchapwa na yeyote, hata usiku wa jana, anataka kuliona faili lenyewe na nani aliligusa. Mama Pacha akavuta kompyuta, akaifungua kwenye skrini ya ukutani. Seva ile iliandika kila mtu aliyefungua faili, siku na saa. Kulikuwa na mistari mitatu tu.

Wa kwanza: limeandikwa na yeye, miaka tisa nyuma.

Wa pili: limefunguliwa Alhamisi, saa tano na dakika ishirini. Na Mzee Taratibu.

Wa tatu: limefunguliwa leo, saa mbili na dakika tano asubuhi. Na yeye.

Macho ya Mama Pacha yalikwama kwenye mstari wa pili. Alhamisi. Mzee alijua tangu Alhamisi. Alikuwa akijua alipokuwa anafuta miwani, alipomenya lile chungwa, alipovaa lile koti. Alikuwa akijua kalamu ikiwa mkononi. Kisha akahisi wengine hawatazami mstari wa pili. Wanatazama wa tatu. Daktari mpasuaji aliangalia ule mstari, akaangalia saa ya ukutani iliyokuwa inakaribia saa tisa, akamwangalia yeye.

Mkurugenzi alizichukua zile karatasi mbili mbele ya Mzee, akazichana. Akamwambia katibu aandike upya. Mzee arudi kazini, ila apewe onyo kwa kusaini asichokiona. Mkuu wa idara asimamishwe kazi leo, akabidhi funguo na kitambulisho, bodi itaamua mengine. Safari hii Mama Pacha alisaini bila kusoma.

Alimkuta Mzee kwenye korido, amesimama chini ya ngazi, anakunja miwani yake na kuiweka ndani ya kasha. Korido ilikuwa imetoka kupigwa deki, vigae vinang'aa, mtu wa usafi ameweka ndoo katikati.

"Uliuona Alhamisi," akasema.

"Niliuona. Nikasema huyu ni Mama Pacha, nani mwingine hapa anaongea na mashine?"

"Na ukanyamaza. Walikuwa wanakufukuza, Mzee. Mkeo je?"

Mzee aliangalia juu kwenye ngazi, kule kwa mkewe. Hakuwa na haraka, kama siku zote.

"Mke wangu nilimwambia palepale Alhamisi," akasema. "Tumebishana mpaka leo. Yeye alisema, huyo atakuja mwenyewe akwambie kabla ya kikao. Alipokuona kwenye kioo akanifinya, akasema unaona? Mimi nikasema hapana, huyo ni mkubwa wetu, atataka aseme mbele za watu. Kikao kikifunguliwa tu, atasema."

Akatia kasha la miwani mfukoni, akapapasa nje kuona kama limeingia.

"Tulibishana hayo mawili," akasema. "Kwamba ungengoja katibu amalize kuandika, hilo hatukulifikiria."

Akaikwepa ndoo, akashika chuma cha ngazi, akapanda kwenda kumchukua mkewe.